Mkono wa Mama Ndoo

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, na hilo halikuwa jambo la kawaida. Siku zote alimtuma mhudumu wa shule achukue katoni zake tatu za chaki, atie sahihi, aondoke. Safari hii aliingia karakanani na katoni moja kwapani, akasalimia kila mtu, akaomba nafasi kwenye meza ya kufungashia, kisha akaimimina katoni yote pale juu. Chaki nzima zilikuwa za kuhesabu. Zilizobaki zilikuwa vipande vidogo kama meno ya mtoto.

"Jana nimeandika 'Jumatatu' ubaoni," alisema, "nikamaliza chaki tatu. Darasa zima lilikuwa linanihurumia."

Hakukasirika, alitaka kujua tu. Katoni ya mwezi uliopita, alieleza, ilikuwa inateleza ubaoni bila kukwaruza, na chaki moja ilimfikisha hadi kengele ya mapumziko. Hii nayo imetoka karakana hiyo hiyo, ina lebo hiyo hiyo. Kimebadilika nini hapo katikati?

Mwenye karakana alimwomba radhi, akampa katoni nyingine, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakuwa na swali lolote. Alikuwa na jibu.

"Ni Mrefu," alisema. "Wiki ile Mama Ndoo alipokwenda kliniki, Mrefu ndiye aliyechanganya. Yule hana mkono."

Karakanani pale neno "mkono" lilikuwa linafunga mazungumzo. Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa nyepesi. Unga mweupe wa jasi ulifika kwa magunia, ukachanganywa na maji ndani ya ndoo, uji wake ukamiminwa kwenye kalibu za shaba zenye matundu mia moja kila moja. Baada ya muda mfupi uji uliganda, chaki zikasukumwa nje, zikapangwa kwenye trei na kuanikwa siku tatu uani. Wa kumimina walikuwepo, wa kuanika walikuwepo, na yeyote angeweza kufungasha. Lakini kuchanganya kulikuwa kwa watu wawili tu. Mama Ndoo alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye ndoo, na jina lake la nyumbani walishalisahau wote. Mrefu alikuwa na miaka miwili. Alikuwa baba wa watoto wawili, mpole, mwenye mgongo uliozoea kujikunja ili kuifikia kazi iliyopangwa kwa watu wafupi. Chaki za Mama Ndoo zilisifiwa. Za Mrefu siku nyingine zilikuwa nzuri, siku nyingine zilivunjika, na hakuna aliyejua ni kwa sababu gani, Mrefu mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua.

Kwenye meza ya kufungashia siku hiyo alikuwepo mpwa wa mwenye karakana, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Nyumbani walimwita Kwanini, jina alilopewa akiwa na miaka minne kwa sababu zinazojulikana. Alikuwa amefanya kazi miaka minane katika maabara ya hospitali, mkataba wake ukaisha, na mjomba wake akamwambia aje afungashe chaki wakati akitafuta pengine. Alikuwa ameokota vipande vitatu vya chaki ya mwalimu na kuvitazama pale vilipokatikia. Ndani mlikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama vya mkate.

"Mjomba," alisema, "umejuaje kwamba katoni hii ni ya Mrefu?"

"Nani mwingine?"

"Katoni haina tarehe. Haina alama ya aliyechanganya. Inaweza kuwa ya yeyote."

Mjomba alimtazama kama mtu anayekumbuka jinsi alivyochoka miaka ishirini na tisa iliyopita. Kisha akamweleza lililokuwa linamkosesha raha. Goti la Mama Ndoo lilikuwa limeharibika, daktari alikwisha kupanga kulipasua baada ya wiki sita, na baada ya hapo mama huyo angekaa nyumbani miezi miwili. Miezi miwili hiyo ndiyo ya kufungua shule, wakati kila mtu anataka chaki. Yeye aliwaza kumwondoa Mrefu kwenye ndoo, asimamishe kazi mpaka Mama Ndoo apone, na wateja wavumilie.

Kwanini alimwomba ampe wiki hizo sita. Akasema hataki mshahara wa ziada wala cheo; anataka kiti kifupi, saa na daftari.

Mama Ndoo hakupendezwa. Asubuhi ya kwanza alimkuta Kwanini amekaa hatua mbili kutoka kwenye ndoo, kalamu mkononi, na hakumsalimia. Alifanya kazi mpaka saa nne akiwa amempa mgongo. Wakati wa chai ndipo alipomgeukia.

"Mwanangu, nimeiba nini?"

Kwanini alimwomba radhi, akajieleza. Alisema hachunguzi makosa, anatafuta kujua chaki nzuri inatengenezwaje, na hapa hakuna mwingine wa kumfundisha. Mama Ndoo akalainika kidogo. Alisema yeye hana siri, anachanganya tu. Kwanini akamuuliza anaweka maji kiasi gani. Ya kutosha, akajibiwa. Na unga? Mpaka utoshe maji. Na kukoroga? Mpaka uive. Utajuaje umeiva? Utaona tu.

Kwanini aliandika yote neno kwa neno, akapiga mstari chini yake. Kisha kila Mama Ndoo alipotaka kumimina maji, aliomba ayapime kwanza. Mara ya nne Mama Ndoo alisonya. Mara ya kumi alianza kusubiri kipimo kisomwe. Jioni ya siku ya tatu Kwanini alijumlisha akashangaa. Ndoo ishirini na nne, na tofauti ya maji kati ya moja na nyingine haikufika hata kikombe. Mwanamke asiyepima chochote alikuwa anapima kuliko mizani. Unga nao aliunyunyiza juu ya maji kidogo kidogo mpaka kikatokea kisiwa kidogo kikavu katikati, kisha akauacha unywe maji, akitazama nje, na kisiwa kilipozama ndipo aliposhika mwiko.

"Kumbe," alisema Mama Ndoo aliposomewa namba zake. Siku iliyofuata alimletea Kwanini mto wa kukalia.

Wiki ya pili ilikuwa ya Mrefu. Yeye hakununa, aliogopa. Kabla ya kushika ndoo aliuliza swali ambalo Kwanini alilikumbuka muda mrefu baadaye.

"Dada, unaandika ninapokosea au ninapopatia?"

"Naandika vyote, kaka. Sijui bado kipi ni kipi."

Maji ya Mrefu yalikuwa sawa na ya Mama Ndoo. Unga wake ulikuwa sawa. Kisiwa kilitokea na kuzama, naye akakoroga kadiri alivyozoea kumwona Mama Ndoo akikoroga. Siku ya kwanza chaki zake za asubuhi zilikuwa nzuri kabisa, na zile za mchana, zilizotoka mikono ile ile, zilikuwa na vitundu. Uji ulimgandia kabla hajamaliza kumimina, akawa anaupigapiga kwenye kalibu kwa kiganja, jasho likimtoka.

Ili asiseme "nzuri" na "mbaya" kama watu wengine, Kwanini alitengeneza kipimo. Alisimamisha matofali mawili, akalaza chaki juu yake kama daraja, akaning'iniza kopo katikati kwa uzi, akawa anatia mchanga kijiko kimoja kimoja mpaka chaki ikatike. Zilipokauka, chaki za Mrefu za asubuhi zilibeba vijiko kumi na saba, sawa na za Mama Ndoo. Za mchana zilikatika kwenye kijiko cha tisa. Wenzake waliacha kazi zao kuja kutazama, na kabla ya jua kutua walikuwa wanabishana ni chaki gani itabeba zaidi.

Kwa hiyo Mrefu alikuwa na mkono asubuhi, na mchana mkono ulikuwa unampotea. Kwanini alilala na jambo hilo kichwani, akaamka nalo. Kesho yake hakutazama ndoo, alitazama miguu. Alifuata kila mmoja anakokwenda kuchukua maji.

Mama Ndoo alichota kwenye pipa lililokuwa kivulini nyuma ya mlango, maji yaliyolala pale tangu jana. Mrefu alichota kwenye bomba la uani, ambalo mpira wake ulipita juu ya bati. Asubuhi maji hayo yalikuwa baridi. Saa saba mchana Kwanini alitia kidole, akakitoa haraka. Alimuuliza Mama Ndoo ni kwa nini hapendi bomba. Mama Ndoo akapiga goti lake.

"Bomba liko mbali. Nitembee mpaka kule na goti hili?"

Hakuwa amewahi kufikiri kwamba maji yenye joto yanaigandisha jasi upesi. Alikuwa anakwepa hatua thelathini.

Kulikuwa na jambo la pili. Baada ya kila mkupuo Mama Ndoo alisuuza ndoo yake na mwiko, kila mara, hata akiwa na haraka. Alisema anachukia ule ukoko unavyokwaruza. Sauti yake inamsisimua meno. Mrefu hakusuuza. Ndoo ya kwanza ya siku ilikuwa safi, ya sita ilikuwa na ukoko wa zote tano zilizotangulia. Kwanini alichukua vikombe viwili vya uji uliotoka ndoo moja, kimoja akakitia chenga za ukoko mkavu, kingine akakiacha. Chenye chenga kiliganda mwanzo, tena kwa mbali. Mabaki ya ndoo iliyopita yalikuwa yanauharakisha uji wa ndoo mpya.

"Kwa nini husuuzi, kaka?" alimuuliza Mrefu.

Mrefu alitazama kwanza mlango wa ofisi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwezi wake wa kwanza alikuwa anasuuza. Mzee alipita akamwambia anapoteza muda na maji, mwenzake anatoa ndoo nyingi kuliko yeye. Basi akaacha. Na Mama Ndoo akisuuza hasemwi, kwa sababu Mama Ndoo ni Mama Ndoo.

Kwanini aliyapeleka hayo ofisini vile vile yalivyosemwa. Mjomba alisema hakumbuki kuyasema, lakini yanafanana na maneno yake. Alitoka, akaenda mpaka kwenye ndoo, akasimama mbele ya Mrefu.

"Suuza," alisema. "Makosa yalikuwa yangu."

Mrefu alichota maji pipani, akasuuza ndoo, na chaki zake za mchana ule zilipokauka zilibeba vijiko kumi na saba.

Mtu mwingine angeishia hapo, akaandika karatasi yake, akapongezwa. Lakini stoo kulikuwa na rafu ambayo mjomba alikuwa anaweka boksi moja la kila mwaka tangu alipoanza kazi, bila sababu yoyote ila mapenzi. Kwanini aliliomba la miaka mitano nyuma, akalaza chaki yake juu ya matofali. Kopo likapokea kijiko cha kumi na saba. Likapokea cha kumi na nane. Chaki ilikatika kwenye cha ishirini na moja. Alijaribu nyingine nne, na zote zilicheza hapo hapo.

Miaka mitano nyuma aliyechanganya ni Mama Ndoo peke yake. Ndoo yake ilikuwa ile ile, pipa lile lile, jasi ya muuzaji yule yule. Kwa hiyo hata mkono wa Mama Ndoo ulikuwa umeteleza, polepole, kijiko kimoja kwa mwaka au chini ya hapo, na hakuna aliyeona.

Kwanini alikaa na habari hiyo siku mbili. Hakujua ataisemaje. Alirudi kwenye kiti chake chenye mto, akatazama tena tangu mwanzo, na safari hii akatazama uso badala ya mikono. Ndipo alipoona kwamba Mama Ndoo akikoroga midomo yake ilikuwa inacheza. Haikuwa kuimba. Ilikuwa kama mtu anayesoma orodha.

"Mama, unasema nini ukiwa unakoroga?"

Mama Ndoo aliona haya. Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama kama kuna anayesikiliza. Akasema ni mambo yake tu. Kisha akasema ni wajukuu. Tangu zamani aliambiwa akoroge muda wa kutosha, na hakuwa na saa, basi akaanza kuwataja wajukuu wake mmoja mmoja, kila mmoja na dua yake fupi. Huyu apone kifua, huyu afaulu mtihani, huyu aache kupigana. Akimaliza wote, uji umeiva.

"Wako wangapi?"

"Kumi na watatu, namshukuru Mungu."

"Na miaka mitano iliyopita?"

Mama Ndoo alianza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti kabisa. Alipofika kwenye kidole cha nane alisimama. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alikitazama kidole hicho, akaitazama ndoo, akaketi juu ya gunia.

"Kila anapozaliwa mmoja," alisema, "nakoroga zaidi."

Kwanini alimwonyesha zile chaki. Alisema hii si aibu, ni jambo la ajabu, na yeye hajapata kuona saa nzuri kama hiyo ila kwamba inaongezeka. Mama Ndoo hakucheka. Alivua kanga ya kazi, akaikunja, akasema goti linamuuma, akaenda nyumbani saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwanini alibaki akijilaumu. Mjomba alimwambia kwamba akimkosesha yule mama raha yake ya kazi, basi hizo namba zake zote hazina faida.

Kesho yake Mama Ndoo alifika kabla ya wote. Kwanini alipoingia alimkuta ameshapanga ndoo nne.

"Nimefikiri," alisema. "Tujaribu. Hii watano, hii wanane, hii kumi, hii wote. Halafu uzikate kwa mchanga wako tuone."

Walifanya hivyo asubuhi nzima. Ugumu ulitokea kwenye ndoo ya kwanza, kwa sababu Mama Ndoo alipofika kwa mjukuu wa tano hakuweza kuacha. Amwache nani? Wa sita ndiye mwenye kifua. Mwishowe walikubaliana kwamba atakoroga kwa watano, na waliobaki atawataja akiwa anamimina. Baada ya siku tatu chaki zilikuwa zimekauka. Watano walibeba vijiko kumi na vitano, uji ulikuwa haujachanganyika sawasawa. Wanane walibeba ishirini na moja. Kumi walibeba kumi na tisa, wote kumi na watatu kumi na saba, kwa sababu mwiko ulikuwa unauvunjavunja uji uliokwisha kuanza kuganda. Kwanini aliangalia muda aliokuwa ameuandika. Wajukuu wanane walikuwa ni dakika moja na nusu.

"Basi andika dakika moja na nusu," alisema Mama Ndoo. "Hao wengine wasihesabiwe kwenye ndoo. Nitawaombea kwenye pipa."

Karatasi ya kwanza aliyoandika Kwanini ilikuwa na kurasa tano, na kila neno lake lilikuwa sahihi. Aliigawa kwa wote. Baada ya siku nne aliikuta nakala moja imekunjwa kuzibia dirisha, na nyingine chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Hakuna aliyekataa kuisoma, hakuna aliyeisoma. Mrefu alimwambia kwa upole kwamba mtu mwenye mikono yenye jasi hawezi kufunua kurasa.

Aliandika upya, ukurasa mmoja, herufi kubwa, hatua tisa, na mchoro wa kisiwa katikati ya ndoo. Aliibandika ukutani usawa wa macho ya Mama Ndoo, Mrefu akaomba ipandishwe kidogo, wakapatana katikati. Kila mtu aliisoma akasema imekamilika. Jambo hilo lilimtia Kwanini wasiwasi. Wote waliosema hivyo walikuwa wanaijua kazi tayari.

Wiki ile mwalimu mkuu alikuja tena, safari hii kuuliza kama wamegundua kilichobadilika. Kwanini alimpa aproni, akampeleka kwenye ndoo, akamwonyesha karatasi, akamwomba achanganye. Mjomba alitaka kuingilia kati, mteja ni mteja, lakini mwalimu alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Alisoma kwa sauti, kama darasani. Alichota maji pipani mpaka kwenye alama iliyochorwa ndani ya ndoo. Alinyunyiza unga, kisiwa kikatokea, akafurahi. Kwenye hatua ya nne alisimama.

"'Acha unga unywe maji.' Mpaka lini?"

Mrefu na Mama Ndoo walijibu kwa pamoja kwamba mpaka kisiwa kizame, na mwalimu akasema hilo halijaandikwa. Kwanini akaliandika. Mwalimu akakoroga huku akitazama saa, akamimina bila kumwaga sana, akasubiri, akasukuma chaki zitoke. Hazikutoka. Alisukuma tena, Mrefu akamsaidia, na kalibu nzima ikabaki imeziba kama ukuta. Ni Mama Ndoo aliyepitisha kidole kwenye shaba, akakinusa.

"Hujapaka mafuta."

"Wapi pameandikwa nipake mafuta?"

Hapakuandikwa popote. Kila asubuhi kalibu zilipakwa mafuta, tangu siku ya kwanza ya karakana, na kwa sababu hakuna aliyewahi kusahau, hakuna aliyekumbuka kulitaja. Ilimchukua Mrefu saa moja kuikwangua kalibu ile. Mwalimu aliomba radhi, Kwanini akamwambia yeye ndiye anayestahili kushukuriwa, na hatua zikawa kumi. Chini kabisa Kwanini aliongeza mstari mmoja: ukiona kitu hakiko kama kilivyoandikwa hapa, simama, mwite mwenzako, andika ulichokiona. Alining'iniza penseli kwa uzi pembeni. Kila katoni ikaanza kugongwa muhuri wa tarehe na alama ya ndoo.

Mama Ndoo alipasuliwa goti, na siku ya kwanza bila yeye karakana ilikuwa kimya kama nyumba ya mtu aliyesafiri. Mrefu alisoma karatasi ndoo zote, ingawa alikuwa ameshaikariri. Wiki tatu zikapita, chaki zikabeba ishirini, ishirini na moja, ishirini. Mjomba alikuwa anakuja na kopo mwenyewe, eti anahakikisha, lakini kila mtu aliona kwamba alikuwa anafurahia.

Wiki ya nne mambo yakaharibika. Asubuhi, maji baridi, ndoo safi, dakika moja na nusu, na uji ukaganda mkononi mwa Mrefu kabla hajajaza hata kalibu moja. Alirudia. Ukaganda tena. Mjomba alitoka ofisini, na lile neno la zamani lilikuwa limeshamfika mdomoni, Kwanini aliliona. Lakini Mrefu alikuwa ameshaweka mwiko chini.

"Nimefuata yote," alisema. "Tatizo haliko kwangu. Nisimame, ndivyo ilivyoandikwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kusema hivyo, na hakuinama alipoyasema. Alirudi kwenye magunia. Yalikuwa yameletwa jana. Alitia mkono kwenye moja, akasugua unga kati ya vidole, kisha akafungua gunia la zamani akasugua na huo. Ule mpya ulikuwa na chenga laini ambazo huwezi kuziona, unazihisi tu. Gunia, alisema, limepata unyevu mahali fulani njiani, na unga umeanza kuganda wenyewe kabla haujafika. Alichanganya kikombe kimoja cha kila gunia, akavipanga dirishani, akawa anavichoma kwa msumari kila dakika. Magunia tisa kati ya kumi na mawili yalikuwa salama. Matatu yaliganda kabla ya dakika tano. Waliyaweka kando, muuzaji akayabadilisha bila ubishi, maana vikombe vilikuwa pale pale dirishani.

Mrefu alichukua penseli. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa mtu wa kuandika, na alitaka maneno yaenee. Juu ya hatua ya kwanza, kwa herufi zilizoegemea upande mmoja, aliandika: kila gunia jipya, jaribu kikombe kwanza, msumari usizame kabla ya dakika tano usilitumie. Kwanini aliisoma akamwambia kwamba mtu mgeni hatajua lini msumari unazama na lini hauzami. Mrefu akaifuta, akaandika upya: jaribu kikombe kwanza, kikiwa kigumu kabla ya dakika tano, gunia weka kando.

Shule zilifunguliwa, katoni zikatoka, na hakuna mwalimu aliyerudi na vipande mezani. Kwanini aliitwa kwenye usaili wa maabara moja, akaenda, akapata, kisha akawaomba wampe mwezi mmoja kwanza kwa sababu kulikuwa na suala la trei za kuanikia ambalo hakuwa amelielewa.

Mama Ndoo alirudi kwa fimbo, siku kumi kabla ya muda aliopewa na daktari. Alisalimiana na wote, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja ukutani. Alisoma karatasi kutoka chini kwenda juu, hatua zake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoipangisha. Alipofika juu alisogeza uso karibu.

"Hii ya kikombe imetoka wapi?"

Mjomba alisema ni ya Mrefu. Mrefu alianza kueleza, akarukia kwenye magunia, akarudi kwenye msumari, na Mama Ndoo akamkatiza.

"Usinieleze. Nionyeshe."

Mrefu alichota unga kwenye gunia lililofika asubuhi ile, akachanganya kikombe, akakiweka dirishani, akampa msumari. Mama Ndoo alichoma kila alipoambiwa. Alipoona msumari hauachi tena alama alikizungushia kikombe viganja vyake viwili, akakaa hivyo kidogo.

"Kimepata joto," alisema. "Miaka yote nasikia ndoo zinapata joto. Joto hili linatoka wapi, na maji ni ya baridi?"

Mrefu alisema hajui. Kwanini, aliyekuwa mezani anafungasha, alitaka kuwaeleza, kisha akaona ni heri wagundue wenyewe. Mama Ndoo alivuta kiti kwa fimbo yake, akaketi mbele ya dirisha, akamwomba Mrefu amchanganyie kikombe kingine, na hicho wakishike wote wawili.